Kampuni ya mieleka iwe na mikanda mingapi? Mwongozo kamili wa kupanga ubingwa

Wengi wanaoota kuanzisha kampuni ya mieleka ya kulipwa huanza na mikanda. Ulingo haujapatikana, ukumbi haujalipiwa, lakini kwenye simu tayari kuna picha: mkanda wa dunia, wa Afrika, wa Afrika Mashariki, wa wanawake, wa timu, wa uzito mdogo, wa vurugu. Mikanda saba, wapiganaji kumi na mmoja. Inakuwa kama kamati ya harusi ambayo kila mtu ni mwenyekiti, makamu au mweka hazina, na wa kufunga turubai hayupo.

Hapa tutaanza na watu, mikanda ifuate. Msimamo wangu ni kwamba mkanda mpya unastahili kuzaliwa pale tu ambapo kundi la wapiganaji wazuri wana ugomvi lakini hawana cha kugombania. Mifano yangu mingi ni ya Marekani, Japani na Mexico, kwa sababu huko ndiko mambo haya yamejaribiwa kwa miaka mingi, mengine yakafana na mengine yakaharibika mchana kweupe.

Na tuelewane mapema: katika mieleka hii mshindi hupangwa. Bondia huvaa mkanda kwa sababu ameshinda. Mwanamieleka huvishwa kwa sababu kuna hadithi ambayo haiwezi kwenda mbele bila yeye kuuvaa. Hivyo, kila utakapofikiria mkanda mpya, jiulize ni hadithi gani itakwama usipokuwepo.

Hatua ya 1: Hesabu watu, kisha hesabu mapambano

Chukua karatasi. Tuseme una shoo moja kwa mwezi yenye mapambano saba. Mkanda mmoja ukitunzwa ipasavyo hula mapambano mawili kwa usiku: moja bingwa anatetea, jingine linampata mpinzani wa mwezi ujao. Ukiliacha hilo la pili, mwezi ujao utamleta mpinzani kutoka hewani na watu watanong'onezana, "Huyu naye kafanya nini?"

Mikanda miwili, mapambano manne. Mikanda mitatu, sita kati ya saba. Limebaki moja tu la kugawana kati ya ugomvi binafsi, mgeni kutoka nje, kijana unayemjaribu, na lile la vichekesho la kupumzisha ukumbi kabla ya pambano kuu. Kwa shoo ya aina hii mikanda mitatu ndiyo dari, na mimi ningebaki na miwili.

Sasa watu. Kila mkanda unahitaji bingwa na wapinzani wasiopungua wanne. Kwa nini wanne? Mpinzani mmoja huchukua takriban miezi mitatu: mwezi wa kwanza anajitokeza na kuchokoza, wa pili wanapigana na mambo yanaishia pabaya, wa tatu wanarudiana na kumalizana. Wanne wanakujazia mwaka. Ukiwa na wawili tu, kufikia Julai utakuwa umeanza kurudia pambano lile lile, na anayelipa kiingilio hana subira hiyo.

Mpinzani wa kuhesabika ni yule ambaye ukimtangaza leo kuwa bingwa mpya, ukumbi utapiga kelele, iwe za kushangilia au za kuzomea. Ukimtangaza na watu wakanyamaza, usimhesabu. Wapromota wengi hudanganyana wenyewe hapa, hasa pale mpinzani anapokuwa rafiki yao.

Kwa makadirio, kikosi cha watu 10 hadi 14 kinabeba mkanda mmoja, au miwili ikiwa una wanawake wa kutosha. Watu 20 hadi 25 wanabeba mitatu. Mitano inahitaji watu 40 na kipindi cha kila wiki. AEW ya Marekani ilianza mwaka 2019 na mikanda mitatu: wa dunia, wa dunia wa wanawake na wa timu. Mwaka 2020 ukaja wa TNT, 2022 wa TBS, wa timu za watu watatu na ule ulioitwa All-Atlantic kabla ya kubadilishwa jina kuwa International, na mwisho wa 2023 wa Continental. Kampuni ile ina saa kadhaa za televisheni kila wiki na wapiganaji lukuki, na bado mashabiki wake wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba hawakumbuki nani ana nini. Wewe mwenye shoo moja kwa mwezi fanya hesabu yako vizuri.

Hatua ya 2: Mkanda mkuu, na uuache peke yake kwa muda

Mkanda wa kwanza ni wa bingwa wa kampuni. Usiuite "wa dunia" kama hujatoka mkoani kwako. Jina la kampuni au la mji linatosha, na heshima ya dunia itakuja yenyewe ikija. Uache utawale peke yake miezi sita au zaidi kabla hujatengeneza wa pili. Watu wazoee kwamba kuna kitu kimoja ambacho kila mtu chumbani anakitaka.

Atauvaa nani kwanza? Njia nzuri kwa kampuni ndogo ni mashindano ya mtoano, kwa sababu yanakupa bingwa, yanakupa aliyeshindwa fainali mwenye kinyongo, na yanawatambulisha wapiganaji wako wote kwa mpigo. Njia ya pili ni kumpa mtu ambaye jina lake tayari ni kubwa ili heshima yake ihamie kwenye mkanda. AEW walifanya hivyo tarehe 31 Agosti 2019: Chris Jericho, aliyekuwa bingwa mara nyingi kwingineko, alimshinda Adam Page kijana wao wa nyumbani. Page akasubiri hadi Novemba 2021 kuupata, na kufika hapo watu walikuwa wamemlilia. Njia mbaya ni kumkabidhi mtu mkanda mkononi bila pambano. Septemba 2002 Eric Bischoff, aliyekuwa akiigiza kama meneja wa kipindi cha Raw cha WWE, ile kampuni kubwa ya Marekani, alimpa mpiganaji Triple H mkanda wa World Heavyweight kwa namna hiyo hiyo, na ilichukua muda mrefu kuwashawishi watu kwamba ni mkanda mkubwa kweli.

Swali gumu zaidi ni kama bingwa awe steringi au adui. Jibu linategemea unafanyia wapi shoo zako. Bruno Sammartino alimshinda Buddy Rogers kwa sekunde 48 pale Madison Square Garden tarehe 17 Mei 1963, akakaa na mkanda mpaka tarehe 18 Januari 1971. Kampuni yake iliitegemea New York, ukumbi ni ule ule, mashabiki ni wale wale, wengi wao wahamiaji kama yeye. Steringi alikaa nyumbani, maadui wakaletwa mmoja mmoja. Upande wa pili kulikuwa na muungano wa NWA, ulioundwa mwaka 1948, ambao bingwa wake alikuwa anazunguka kutoka mkoa mmoja wa mieleka hadi mwingine. Huyo ilifaa awe adui kama Ric Flair: anaingia mjini kwa nyodo, anampa shujaa wa pale pambano la dakika nyingi, shujaa anakaribia kabisa kushinda, Flair anaponyoka kwa hila na kuondoka na mkanda. Mji unabaki unaamini kijana wao ni bora. Kwa hiyo kama uko Dar es Salaam kila mwezi kwenye ukumbi mmoja, bingwa steringi atakulipa. Kama unazunguka Morogoro, Dodoma, Mwanza, mpe adui.

Siku ambayo Ivan Koloff alimlaza Sammartino kwa hesabu ya tatu, ukumbi ulinyamaza ghafla kiasi kwamba Sammartino mwenyewe alisimulia baadaye kuwa alidhani masikio yake yameziba. Koloff alikaa na mkanda wiki tatu tu, akaupoteza kwa Pedro Morales, steringi mpya. Huyo ndiye bingwa wa mpito: adui anayetumika kuhamisha mkanda kutoka kwa kipenzi kimoja kwenda kwa kingine bila kuwagonganisha vipenzi wawili na kuwagawa mashabiki. Ni ujanja wa zamani na bado unafanya kazi.

Kuhusu muda wa kutawala, tazama pande zote mbili. WCW, kampuni ya Marekani iliyoshindana na WWE, mwaka 2000 ilibadilisha na kuacha wazi mkanda wake mkuu zaidi ya mara 20 ndani ya mwaka mmoja. Aprili mwaka huo aliupata hata David Arquette, mwigizaji wa filamu, ambaye mwenyewe hakulipenda wazo hilo. Machi 2001 kampuni iliuzwa kwa washindani wao. Mambo mengi yaliiua, lakini mkanda ulikuwa umeshakuwa kichekesho. Upande wa pili Roman Reigns wa WWE alikaa siku 1,316, kuanzia Agosti 2020 hadi Aprili 2024. Hadithi ilikuwa tamu, ila bingwa alionekana kwa nadra, na mwaka 2023 WWE ikalazimika kuunda mkanda mwingine wa World Heavyweight ili wengine wawe na cha kugombania. Seth Rollins aliupata tarehe 27 Mei 2023 mjini Jeddah, Saudi Arabia. Yaani utawala mrefu wenye utetezi wa nadra ulizaa mkanda wa ziada. Kwa shoo za kila mwezi, miezi sita hadi kumi na miwili ni muda mzuri, mradi bingwa aonekane kila mwezi hata kama hapigani.

Hatua ya 3: Mkanda wa wanawake

Huu nauweka wa pili, juu ya ule wa timu na juu ya ule unaoitwa wa kati, yaani wa pili wa wanaume. Hoja yangu hapa ni ya kibiashara kabisa: ni hadithi ya pili inayojitegemea, yenye watu wake, isiyomnyang'anya bingwa wa wanaume hata mpinzani mmoja. Mkanda mwingine wowote wa wanaume utagawana naye wapinzani.

Masharti ni mawili. Kwanza, uwe na wanawake watano au sita wanaojua kazi. Ukiwa na wawili, tumia hela ya mkanda kuwafundisha wengine kwanza. Pili, mkanda ufanane kwa hadhi na ule mkuu. WWE ilikuwa na mkanda wa Divas tangu 2008, wenye umbo la kipepeo na rangi ya waridi, na mapambano yake mara nyingi yalipewa dakika chache za kuchangamsha. Aprili 2016, kwenye WrestleMania 32, shoo yao kubwa ya mwaka, uliondolewa. Ukaletwa mkanda mpya wenye sura ya ule wa wanaume, na Charlotte Flair akaushinda mbele ya Becky Lynch na Sasha Banks. Miaka mitatu baadaye wanawake walifunga WrestleMania yenyewe kwa pambano kuu. Kilichoongezwa ni muda, heshima na pambano linalofunga usiku. Kwa hiyo ukiwa na mkanda wa wanawake, walau mara mbili kwa mwaka ndio ufunge shoo.

Hapa kwetu sioni sababu ya kusitasita. Pale Mukono, Uganda, Soft Ground Wrestling wanapigana kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa miti na kamba, wasichana kwa wavulana, na video zao zimezunguka dunia nzima. Mtazamaji haoni tofauti ya daraja, isipokuwa promota amwoneshe.

Hatua ya 4: Mkanda wa timu

Una timu nne za kudumu? Timu yenye jina, mavazi yanayofanana, namna yake ya kuingia? Kama huna, ruka hatua hii. Watu wawili waliokutanishwa kwa sababu wamekosa la kufanya hawahesabiki.

WWE yenyewe iliteleza hapa. Februari 2019 ilianzisha mkanda wa timu za wanawake, mabingwa wa kwanza wakiwa Sasha Banks na Bayley. Timu za kudumu zilikuwa chache mno, mkanda ukawa wa kuwapa wawili wowote waliopo. Mei 2022 mabingwa wa wakati huo waliiacha mikanda ofisini wakaondoka, na ikakaa bila mwenyewe hadi mwishoni mwa Agosti. Linganisha na miaka ya 2000 na 2001, enzi za Hardy, Dudley na Edge na Christian: timu tatu zenye tabia tofauti kabisa, ngazi, meza na viti, na mkanda wa timu ukawa unashindana na ule mkuu kwa kelele.

Faida ya mkanda huu kwa kampuni ndogo ni kwamba unaingiza watu wanne ulingoni kwa pambano moja, na mpiganaji mchanga anajificha nyuma ya mkongwe wakati anajifunza. Ukiuanzisha, tumia kanuni iliyoachwa na timu ya zamani ya Marekani, Fabulous Freebirds: timu iwe na watu watatu na wawili wowote kati yao waruhusiwe kutetea. Kwa shoo ambayo mtu anaweza kukwama kwenye basi Chalinze, kanuni hiyo ni dhahabu.

Hatua ya 5: Mkanda wa kati lazima uwe na kazi yake

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Promota anatengeneza mkanda wa pili wa wanaume ambao ni sawa na ule mkuu, ila mdogo. Hauna swali lake. Mtazamaji akiulizwa unatofautianaje na mwingine atasema, "Ni wa wale ambao hawajafika."

Upe kanuni inayoonekana kwa macho. Zipo zilizojaribiwa.

Kanuni ya muda ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa zama hizi. Zamani Marekani kulikuwa na mikanda ya televisheni yenye kikomo cha dakika kumi au kumi na tano. Muda ukiisha, ni sare na bingwa anabaki na mkanda. Adui anakimbia saa, steringi anapambana nayo. Dakika kumi pia ni urefu unaofaa kabisa kuweka pambano zima YouTube bila kukata, na vipande vyake TikTok. Mtangazaji anapohesabu sekunde thelathini za mwisho, ukumbi wote unasimama bila kuambiwa.

Kanuni ya uzito inafaa kama una vijana wepesi wanaoruka. New Japan, kampuni ya Japani, wana mkanda wa wapiganaji wa chini ya kilo 100, na pambano lake lina kasi yake kabisa. Ila usiufanye mkanda wa watu wadogo wa kuchekwa. WWE ilimpa Hornswoggle, mpiganaji mwenye kimo kifupi sana, mkanda wake wa uzito mdogo Julai 2007 kama mzaha, na kabla ya Oktoba mkanda huo ulikuwa umefutwa.

Kanuni ya changamoto ya wazi: bingwa anatoka, anaita yeyote. John Cena alifanya hivyo mwaka 2015 akiwa na mkanda wa United States, na mkanda uliokuwa umesahaulika ukawa kitu cha kusubiriwa kila Jumatatu. Inahitaji bingwa mwenye jina, vinginevyo atakayejitokeza hana cha kupata.

Na ipo ya kupanda ngazi. Mwaka 2012 Austin Aries wa kampuni ya TNA ya Marekani aliusalimisha mkanda wake wa chini, X Division, kwa hiari ili apewe pambano la mkanda mkuu, akashinda. Tangu hapo mkanda ule ukawa na thamani inayohesabika: ukiwa nao, unaweza kuubadilisha. Hii unaweza kuinakili kesho asubuhi bila gharama yoyote.

Kisha kuna njia ya utawala mzito, ambayo haihitaji kanuni ila inahitaji mtu. Mkanda wa Intercontinental wa WWE ulianza mwaka 1979 kwa Pat Patterson, aliyetangazwa kuwa ameshinda mashindano ya Rio de Janeiro ambayo hayakuwahi kufanyika. Honky Tonk Man, adui wa kuudhi, aliushikilia siku 454 akiponea chupuchupu kila mara, mpaka Ultimate Warrior alipomaliza kazi kwa nusu dakika kwenye shoo ya SummerSlam 1988. Rekodi yake ilidumu zaidi ya miaka thelathini, hadi Gunther alipoivunja kwa utawala wa siku 666, kati ya Juni 2022 na Aprili 2024. Gunther aliupandisha kwa kupigana mapambano magumu na ya kueleweka, na wote waliomkabili walitoka wakiwa wakubwa kuliko walivyoingia.

Mkanda wa vituko, ule wa saa 24 ambao mtu anaweza kuporwa hata sokoni au hotelini? WWE walikuwa na wa Hardcore, uliobadilika zaidi ya mara 200 kabla ya kufutwa Agosti 2002, na wa 24/7 kuanzia 2019, ambao R-Truth peke yake aliupata zaidi ya mara 50 na ambao Novemba 2022 uliishia kutupwa kwenye pipa la taka. Unachekesha, unatoa video fupi nzuri. Miezi sita, basi.

Hatua ya 6: Kabla ya kuongeza mwingine, jaribu visivyo mkanda

Mara nyingi kinachokosekana ni zawadi tu, na zawadi si lazima iwe mkanda. Mexico wanajua hili kuliko wote. Pale, pambano kubwa kabisa ni la kuwekeana dau: kinyago kwa kinyago, au kinyago kwa nywele. Tarehe 7 Novemba 1952 El Santo alimvua Black Shadow kinyago, na hakuna mkanda uliokuwa na uzito huo. Aliyevuliwa haruhusiwi kuvaa tena. Fikiria uzito wa hadithi hiyo kwa gharama ya kitambaa na mashine ya kunyolea.

Kinshasa nako watu hawafuati mkanda. Wanafuata nguvu za kiganga za mpiganaji, jina lake la kutisha, na msafara wa ngoma na matarumbeta unaopita mitaani kabla ya pambano. Mtaa mzima unajua nani anapigana na nani kabla jua halijazama.

Halafu kuna mashindano ya kila mwaka. G1 Climax ya New Japan inafanyika tangu 1991, na mshindi wake hupata haki ya kumkabili bingwa mkubwa. Royal Rumble ya WWE, pambano la watu wengi wanaotupwa nje ya ulingo mmoja mmoja, ilianza 1988. Mkoba wa Money in the Bank, aliouchukua Edge mwaka 2005, humpa mwenye nao haki ya kumshtukia bingwa wakati wowote. Kombe, mkoba na nywele hazihitaji kutetewa kila mwezi. Zinafanya kazi yake na kukaa pembeni mpaka mwakani.

Hatua ya 7: Andika kanuni, na andika mkanda ni wa nani

Karatasi moja inatosha. Bingwa akiondolewa kwa faulo au akitoka ulingoni hadi hesabu ikaisha, mkanda hauhami. Hii humpa adui mlango wa kutorokea, na unaweza kuufunga kwa pambano lisilo na faulo ukitaka kumalizana. Bingwa asipotetea kwa siku 30, au 60 kwa shoo za mwezi, ananyang'anywa. Akiumia, amua mapema: muda mfupi msubiri, muda mrefu mkanda uachwe wazi. Finn Bálor alishinda mkanda wa Universal siku ulipozaliwa, Agosti 2016, bega likaumia pambanoni humo humo, kesho yake akauachia. Watu walimhurumia, na hadithi ikaendelea. Bingwa wa muda, kama AEW walivyofanya 2022 CM Punk alipoumia, ni wa kampuni kubwa; kwenye ukumbi wa watu 300 unawachanganya tu.

Umiliki ndio unaosahaulika. Bingwa wa NWA alikuwa anaweka dhamana ya dola 25,000. Mwaka 1991 Ric Flair alipokosana na WCW, alisema hajarudishiwa dhamana yake, akahamia kwa washindani akiwa na mkanda mkononi na kujitangaza kwenye televisheni yao kuwa bingwa halisi wa dunia. Desemba 1995 ikawa zamu ya upande wa pili: Alundra Blayze alitokea kwenye kipindi cha WCW na mkanda wa wanawake wa WWF (jina la zamani la WWE), akautumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya kamera. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba mkanda ni mali ya kampuni. Baada ya picha na mahojiano unarudi kwenye begi la ofisi. Jericho aliibiwa wake siku chache tu baada ya kuushinda, akiwa mgahawani huko Tallahassee, na polisi ndio waliourudisha.

Kuhusu mkanda wenyewe: fundi wa ngozi mzuri na fundi wa kuchonga chuma watakutengenezea kitu cha heshima. Sahani ya katikati iwe kubwa kiasi cha kuonekana kutoka kiti cha mwisho, maandishi machache, herufi nene. Vifungo vya kubana viwe na nafasi nyingi, maana leo utavaliwa na mtu wa kilo 60 na kesho wa kilo 120. Usiandike mwaka. Jina la mdhamini liwe kwenye sahani ndogo za pembeni zinazofunguliwa kwa skrubu. Mdhamini akiondoka, mkanda unabaki.

Hatua ya 8: Jua namna ya kuufuta

Mkanda usiachwe ukafifia kimyakimya. Ufute kwa pambano. Mwaka 2002 Rob Van Dam wa WWE aliushinda wa European kwenye pambano la ngazi mwezi Julai na wa Hardcore mwezi Agosti, yote ikamezwa na ule wa Intercontinental, na uliobaki ukapata uzito. New Japan mwaka 2021 waliunganisha mkanda wao mkuu wa tangu 1987 na wa kwao wenyewe ulioitwa pia Intercontinental kuwa mmoja mpya. Baadhi ya mashabiki wao walinuna, kwa sababu historia ya mkanda wa zamani ilionekana kukatwa. Ukiunganisha, historia ya ule mkubwa iendelee. Mdogo ndio uzikwe.

Dalili za kufuta ni rahisi: mtangazaji wako akisahau kuutaja, au bingwa akiingia bila kuuvaa na hakuna aliyegundua.

Mfano: kikosi cha watu 22

Tuseme una wanaume 14 na wanawake 8, shoo moja kwa mwezi, mapambano saba. Januari hadi Machi usiwe na mkanda wowote. Wape watu majina, ugomvi na sababu za kuchukiana. Aprili, robo fainali nne za wanaume wanane, Mei, nusu fainali mbili, Juni, fainali. Aliyeshindwa Juni ndiye mpinzani wa Julai, na awe amepoteza kwa namna inayomuuma, kwa mfano mguu wake ulikuwa juu ya kamba na refa hakuuona.

Agosti, nusu fainali mbili za wanawake, fainali Septemba, na fainali hiyo ndiyo ifunge shoo. Mkanda wa kati usiuguse mwaka huu. Novemba, hesabu timu zako: zipo nne zilizopigana pamoja walau shoo tatu? Kama zipo, tangaza Desemba kwamba mikanda ya timu itagombewa Januari, na mwite fundi wa ngozi. Kama zipo tatu, hela hiyo mlipe mwalimu wa mazoezi.